J.M. Kariuki (1929–1975): Kiongozi Aliyekosa Chama Ndani ya Chama

Utangulizi

Historia ya siasa za Kenya baada ya uhuru haiwezi kuandikwa bila kutajwa jina la Josiah Mwangi Kariuki, ambaye umma ulimjua kwa herufi mbili tu, JM. Aghalabu hukumbukwa kwa namna alivyouawa mwezi wa Machi 1975, na ni haki akumbukwe hivyo, kwa kuwa damu yake haijalipwa hadi leo. Hata hivyo, kumkumbuka kwa kifo peke yake ni kumpunja. Kabla ya kifo palikuwa na maisha, na maisha hayo yana somo kubwa juu ya suala ambalo Wakenya wanalijadili mpaka sasa: vipi vyama vya siasa viimarishwe ili viongozi wawajibike kwa waliowachagua.

Makala haya yanayatazama maisha ya JM kwa kuyahusisha na chama cha KANU, ambacho alikijenga, akakitumikia, na ambacho hatimaye hakikuwa na nafasi ya kumsikiliza wala nguvu ya kumlinda. Hoja ya msingi ni kwamba JM alikuwa zao la udhaifu wa chama kwa njia mbili. Kwanza, udhaifu huo ndio uliomlazimisha asimame peke yake. Pili, yeye mwenyewe aliuzoea, akaujengea siasa iliyotegemea jina lake na mfuko wake. Alipoondoka, hakikubaki chombo cha kuuchukua mzigo alioubeba.

Mtoto wa maskwota

JM alizaliwa mwezi wa Machi 1929 huko Kabati-ini, katika eneo la Bahati karibu na mji wa Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri na kuhamia Bonde la Ufa, kama walivyofanya maelfu ya Wagikuyu wa wakati huo waliokosa ardhi ya kutosha kwao. Ardhi ya Nakuru, Njoro, Rongai, Molo, Naivasha na Gilgil ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliruhusiwa kuishi hapo kwa sharti la kutoa kazi. Alipewa kipande cha kulima na mahali pa kulisha mifugo michache, naye akatakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 1937 ilifungua mlango wa kuongeza siku hizo hadi 270, na pia wa kupunguza mifugo ya maskwota.

Maisha hayo ndiyo yaliyoulea mtazamo wa JM kuhusu ardhi. Mtoto wa skwota alizaliwa mahali, akakulia hapo, akapajua kila kijito na kila kilima, na bado hapakuwa pake. Angeweza kufukuzwa yeye na wazazi wake kwa neno moja la mwenye shamba. Kwa sababu hiyo, JM alipokuja kusema Bungeni juu ya watu wasio na ardhi, hakuwa akizungumzia jambo alilolisoma vitabuni.

Elimu yake ilikwenda kwa kusuasua, kwa kuwa karo ilikuwa shida na ilimbidi aache masomo mara kwa mara ili afanye kazi. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia jinsi alivyobahatika katika mashindano ya farasi mjini Nakuru mwaka 1946, akashinda fedha zilizomwezesha kurudi shuleni. Kisa hicho kinafaa kuzingatiwa, kwa kuwa mapenzi ya farasi na ya bahati nasibu yalimfuata JM hadi utu uzima. Baadaye alivuka mpaka akasoma katika King's College Budo nchini Uganda, shule iliyosomesha watoto wa wakubwa wa Buganda. Mtoto wa skwota wa Kabati-ini alikaa darasa moja na wana wa machifu, akatoka akiwa na lugha, adabu na ujasiri wa kuzungumza na mtu yeyote.

Hoteli ya Nakuru na miaka saba ya kizuizini

JM alirudi Nakuru mwezi wa Oktoba 1952, siku chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 mwezi huo. Alifungua hoteli mjini humo. Kwa nje ilikuwa biashara ya chai na chakula. Kwa ndani ilikuwa mahali pa kukutania na kupitishia habari za harakati za Mau Mau, ambazo JM alikuwa amekula kiapo chake. Mwezi wa Oktoba 1953 alikamatwa, na kuanzia hapo akahamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, zikiwemo zile za Langata na Manyani, mpaka alipoachiliwa mwaka 1960.

Kambini JM alijifunza siasa ya aina yake. Wafungwa walijipanga wenyewe. Walichagua viongozi wao, wakaweka kanuni zao, wakaendesha madarasa ya kufundishana kusoma na kuandika, na wakaamua kwa pamoja jinsi ya kuzikabili amri za maafisa. Kiongozi aliyekubali kununuliwa kwa sigara au kwa kazi nyepesi aliulizwa na wenzake. Kwa maneno mengine, ndani ya seng'enge kulikuwa na uwajibikaji ambao baadaye ulikuja kukosekana katika chama kilichotawala nchi huru.

Aidha, JM alikuwa mwandishi wa barua. Aliandika malalamiko juu ya chakula, vipigo na kazi za kulazimishwa, akayapitisha kwa siri hadi yakawafikia wakubwa wa serikali na wanasiasa wa London. Aliadhibiwa vikali kwa ajili ya barua hizo, lakini hakuacha. Alikwisha kugundua kwamba mtawala, hata awe mkali vipi, huogopa kuulizwa hadharani.

Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, shirika la Oxford University Press lilichapisha kumbukumbu zake kwa jina la Mau Mau Detainee, na dibaji yake ikaandikwa na msomi Margery Perham. Kitabu hiki ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa zilizoeleza maisha ya kizuizini kutoka kinywani mwa Mwafrika aliyeyapitia. Wanafunzi wa fasihi wanaoisoma tawasifu ya kisiasa ya Afrika Mashariki hawawezi kukiruka.

Kutoka tawi la chama hadi afisi ya Rais

KANU iliundwa mwaka 1960 kwa kuunganisha vyama vidogo vya wilaya. Asili hiyo ina maana kubwa. Chama hakikuanza kama mti mmoja wenye matawi, bali kama miti mingi iliyofungwa kamba moja. Kila wilaya ilikuwa na bwana wake, na mabwana hao walishikamana kwa sababu ya uhuru na kwa sababu ya jina la Jomo Kenyatta, aliyekuwa bado kizuizini. JM alipotoka kambini aliingia katika kazi ya kukijenga chama huko Nyeri, kwa idhini aliyoipata kwa Kenyatta mwenyewe. Hivyo alikuwa mmoja wa watu walioanza chini kabisa, katika kuandikisha wanachama na kufungua tawi.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1963 JM aliingia Bungeni, na pia akawa katibu wa binafsi wa Kenyatta. Miaka hiyo alikuwa karibu sana na kitovu cha madaraka. Alifahamika kwa ucheshi wake, kwa mavazi nadhifu na kwa wepesi wa kufanya urafiki na watu wa makabila yote. Alianza pia kujipatia mali. Mtu aliyezaliwa katika kibanda cha skwota alikuja kumiliki shamba kubwa la mifugo huko Gilgil, si mbali na mahali alipozaliwa, pamoja na farasi wa mashindano.

Chama kinavyofifia

Wakati JM akipanda, chama chake kilikuwa kikishuka. Tarehe 10 Novemba 1964 chama cha upinzani cha KADU kilijivunja na wabunge wake wakaingia KANU. Wengi wao walitoka Bonde la Ufa, akiwemo Daniel arap Moi, aliyekuwa ameliongoza baraza la jimbo hilo. Hakuna aliyewataka warudi kwa wapigakura wao kuomba kibali cha kubadili chama.

Miezi kumi na minane haikupita kabla ya kipimo hicho kugeuzwa. Mwezi wa Machi 1966 mkutano wa KANU wa Limuru ulikifuta cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Jaramogi Oginga Odinga, na badala yake ukaweka makamu wanane wa mikoa. Odinga na wenzake wakahama wakaunda KPU. Mara moja Katiba ikarekebishwa ili mbunge anayehama chama apoteze kiti chake. Kwa hakika kanuni hiyo ni njema, kwani mbunge aliyepewa kura kwa bendera moja hana haki ya kuipeperusha nyingine bila kuwauliza waliomtuma. Tatizo ni kwamba ilitungwa kwa haraka ili kuwabana watu fulani, baada ya wengine kupita bila kuguswa.

Mji wa Nakuru ulishuhudia matokeo yake kwa karibu. Mbunge wake alikuwa Ramogi Achieng Oneko, mmoja wa watu sita, akiwemo Kenyatta, waliohukumiwa huko Kapenguria. Yeye alikuwa Mjaluo wa Uyoma, lakini mwaka 1963 alichaguliwa na mji uliokuwa na wapigakura wengi wa makabila mengine. Ushindi wake ulionyesha kile ambacho chama cha kweli kinaweza kufanya: kumfanya mpigakura atazame msimamo kabla ya kuuliza jina la ukoo. Oneko alijiuzulu uwaziri akaifuata KPU, na katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 akakipoteza kiti cha Nakuru. Kati ya viti 29 vilivyogombewa nchini, KPU ilipata 9 tu. Mwaka 1968 sheria ikazuia wagombea huru. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku, na Oneko akatiwa kizuizini hadi mwaka 1975.

Kwa hiyo ifikapo mwisho wa 1969, hakuna aliyeweza kugombea ubunge nje ya KANU, na KANU yenyewe ilikuwa haifanyi kazi. Tangu Limuru 1966 hadi Oktoba 1978, baada ya kifo cha Kenyatta, chama hakikufanya uchaguzi wa viongozi wake wa kitaifa. Ule uliopangwa kufanyika Aprili 1977 uliahirishwa. Miaka kumi na miwili ilipita bila wanachama kuulizwa ni nani wanayemtaka awaongoze. Kazi za chama zilichukuliwa na wengine. Mkuu wa wilaya ndiye aliyetoa kibali cha mkutano, na hivyo ndiye aliyeamua nani asikike. Vyama vya kikabila, hasa GEMA ya Wagikuyu, Waembu na Wameru, vilijadili mambo ambayo yangejadiliwa katika kamati za chama. Katika Nakuru kampuni za kununua mashamba, kama vile Ngwataniro iliyoongozwa na Kihika Kimani, zilikuwa na wanachama wengi waliolipa hisa zao na kuhudhuria mikutano. Mwaka 1974 Kihika Kimani alichaguliwa mbunge wa Nakuru Kaskazini. Mwananchi wa kawaida alikuwa na sababu ya kuitafuta kadi ya kampuni ya ardhi kuliko kadi ya KANU, kwa kuwa ile ilimwahidi ekari mbili tatu.

Mbunge wa Nyandarua

Ni katika hali hiyo JM alipochaguliwa mwaka 1969 kuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Nyandarua ilikuwa mahali pafaapo kwa siasa yake. Sehemu kubwa ya wilaya hiyo ilikuwa mashamba ya walowezi yaliyogawanywa katika mpango wa ekari milioni moja. Walowezi walinunuliwa mashamba kwa fedha za mkopo, na wakulima Waafrika waliopewa vipande wakatakiwa kuulipa mkopo huo. Watu waliofukuzwa katika ardhi, wakafungwa kwa ajili yake, sasa walikuwa wakidaiwa bei yake. Mvua ilipokosekana au bei ya maziwa na pareto iliposhuka, deni lilibaki palepale.

JM aliyasema mambo hayo wazi, ingawa wakati huo alikuwa waziri msaidizi. Alisema kwamba haikuwa haki Waafrika kuinunua ardhi iliyoporwa kwao. Alitaka watu wasio na kitu wafikiriwe kwanza, na akawakosoa wakubwa waliojilimbikizia mashamba. Onyo lake linalokumbukwa zaidi ni kwamba nchi isije ikawa ya matajiri wachache wanaohesabika kwa vidole, wakizungukwa na mamilioni ya maombaomba.

Inafaa kuuliza maoni hayo yangepaswa kusemwa wapi. Katika chama chenye uhai, waziri msaidizi asiyeridhishwa na sera ya ardhi huipeleka hoja yake katika tawi, kisha katika mkutano wa wajumbe. Hapo atashinda au atashindwa, na kila upande utajua umesimama wapi. JM hakuwa na mkutano wa aina hiyo. Jukwaa alilobaki nalo lilikuwa Bunge, magazeti na mikutano ya harambee. Serikali ililiona hilo, ikaanza kumnyima vibali vya kuhutubia. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1974 alizuiwa kufanya mikutano hata katika eneo bunge lake. Watu wa Nyandarua walimchagua vilevile, kwa kura nyingi, bila kumsikia akiwaomba. Hata hivyo, hakurudishiwa cheo cha waziri msaidizi.

Bunge aliloliingia lilikuwa jipya kwa njia nyingine inayowahusu wapenzi wa Kiswahili. Mwezi wa Julai 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, mahali ambapo Kiingereza peke yake kilikuwa kimetawala. Hilo ndilo Bunge la kwanza kuchaguliwa baada ya amri hiyo. Kulikuwa na kinaya katika jambo hilo. Lugha ya wananchi iliingia Bungeni wakati uleule njia nyingine za wananchi za kusikika zilikuwa zikizibwa.

Mfuko wa mtu mmoja

Mwandishi wa wasifu hana budi kuitazama sarafu pande zote mbili. JM alikuwa mtetezi wa maskini aliyekuwa tajiri. Alishutumu ulimbikizaji wa ardhi hali yeye mwenyewe alikuwa na shamba kubwa Gilgil. Wafuasi wake walijibu kwamba mali yake hakuifungia, na walikuwa na ushahidi. JM alikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa harambee nchini. Alitoa fedha kwa shule, makanisa na zahanati, si Nyandarua tu bali katika wilaya nyingi za mbali. Alipokelewa Nyanza, Magharibi na Pwani kama alivyopokelewa kwao.

Hapa ndipo lilipo jambo gumu katika maisha yake. Ukarimu huo ulimpa umaarufu wa kitaifa ambao chama kilichosinzia kisingeweza kumpa. Lakini ulikuwa ukarimu wa mtu, si sera ya chama. Shule iliyojengwa kwa mchango wake ilimshukuru yeye. Haikuwa na haki ya kumdai mwaka uliofuata, wala ya kumuuliza fedha zilikotoka. Mbunge mwingine asiye na mfuko kama wake, hata angekuwa na fikra bora kuliko zake, asingeweza kumfuata. Hivyo JM aliupinga mfumo kwa kutumia silaha za mfumo huohuo, na siasa ya michango iliyokomaa wakati wake ikaendelea kukua baada yake, mikononi mwa watu wasiokuwa na msimamo wake. Hili si la kumlaumu mtu aliyefungiwa kila mlango mwingine. Ni la kuonyesha kwamba wema wa mtu mmoja hauwezi kushika nafasi ya taasisi.

Machi 1975

Mwanzo wa mwaka 1975 ulikuwa wa hofu. Tarehe 1 Machi bomu lililipuka katika basi mjini Nairobi na kuua watu 27. Siku iliyofuata, Jumapili tarehe 2 Machi, JM alionekana katika hoteli ya Hilton akiwa na afisa mkuu wa polisi, akaondoka naye, na hakuonekana tena akiwa hai. Tarehe 3 Machi mwili wake ulipatikana na mchungaji wa Kimaasai katika vilima vya Ngong, ukiwa na majeraha ya risasi. Ulikaa katika chumba cha maiti kama wa mtu asiyejulikana, huku habari zikienezwa kwamba JM amesafiri kwenda Zambia. Jamaa zake waliutambua tarehe 11 Machi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana. JM akazikwa kwake Gilgil, katika ardhi ya lile bonde alikozaliwa akiwa mgeni.

Chama cha KANU, ambacho JM alikuwa amekitumikia tangu matawi yake ya kwanza, hakikuitisha mkutano wa wajumbe kumuulizia mwanachama wake. Kazi hiyo ilifanywa na Bunge. Wabunge waliunda Kamati Teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Mark Mwithaga, mbunge wa mji wa Nakuru. Kamati iliwahoji mashahidi, ikawataja maafisa wa polisi waliostahili kuchunguzwa zaidi, na ikaeleza jinsi uchunguzi wa polisi ulivyovurugwa. Majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa katika ripoti kabla haijawasilishwa. Mwezi wa Juni 1975 Bunge liliipitisha ripoti hiyo kwa kura 62 dhidi ya 59.

Tofauti hiyo ya kura tatu ni muhimu. Wote waliopiga kura, wa upande huu na wa upande ule, walikuwa wanachama wa KANU. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu waliounga mkono ripoti walifutwa kazi. Mwithaga alijikuta gerezani muda si mrefu baadaye. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku alidai Bungeni kwamba kuna watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa atoe ushahidi, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge wakatiwa kizuizini, na wakakaa huko hadi Desemba 1978. Ni nadra katika historia kuona watu wakifungwa kwa kusema kwamba chama kimekufa, na chama chenyewe kisitoe dalili ya uhai kwa kujibu hoja hiyo.

Mwaka uliofuata Nakuru ikarejea tena katika kumbukumbu hizi. Mwezi wa Septemba 1976 mkutano mkubwa ulifanyika mjini humo wa kutaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike nafasi ya Rais moja kwa moja Rais akifariki. Suala zito la nani ataurithi uongozi wa nchi lilijadiliwa katika mkutano wa hadhara wa kundi moja, likazimwa kwa onyo la Mkuu wa Sheria. Vikao vya chama havikuwa na neno.

Hitimisho

Wahenga walisema mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Waliomfuata JM waliyumba kwa sababu kiota chao kilikuwa juu ya mti mmoja. Hapakuwa na tawi, katiba ya chama, wala mkutano ambao ungeendeleza hoja zake za ardhi na za usawa. Jina lake lilibaki, na hospitali ya Ol Kalou katika Nyandarua inaitwa kwa jina hilo. Hoja zenyewe ziliachwa kwa kila mbunge aamue kuziokota au kuziacha.

Kenya ya baada ya hapo imejaribu kuirekebisha kasoro hiyo kwa sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ilipitishwa mwaka 2007 ikaanza kutumika mwaka 2008. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 91, inavitaka vyama viwe na sura ya kitaifa, viongozi waliochaguliwa kidemokrasia, na vijiepushe na misingi ya ukabila. Sheria mpya ya mwaka 2011 iliipa nguvu afisi ya Msajili wa Vyama, jopo la kusuluhisha mizozo ya wanachama, na hazina ya kuvifadhili vyama kwa fedha za umma, ili visiwe mali ya mwenye mfuko mnene. Kanuni ya mwaka 1966 ya mbunge kupoteza kiti anapokihama chama bado ipo katika Katiba, safari hii bila kulengwa kwa mtu.

Pamoja na hayo, kila uchaguzi tangu 2002 umekuja na muungano wake: NARC, kisha PNU na ODM, kisha Jubilee na CORD, kisha NASA, na mwaka 2022 Azimio na Kenya Kwanza. Majina yanabadilika, mpigakura wa Bahati au wa Gilgil bado humuuliza mgombea ameleta nini mkononi kabla ya kumuuliza chama chake kinaamini nini. Sheria inaweza kukisajili chama. Uhai wake hutokana na wanachama wanaolipa ada zao, wanaohudhuria mikutano ya tawi, na wanaomwita kiongozi wao atoe hesabu hata kama ni mkarimu na wanampenda. JM alilijua hilo akiwa mfungwa, pale wenzake walipochagua viongozi na kuwauliza. Chama alichokitumikia akiwa huru hakikumpa nafasi ya kuulizwa hivyo, wala ya kuuliza.